Breki Mpya za Pijo Kuukuu

"Wewe ingokho," Muhonja akamwambia kuku wake mwekundu, huku akiweka kikombe na sahani juu ya jiwe lililokuwa katikati ya jikoni na gari. "Mwambie mkwe chai iko hapa. Na viazi vitamu viko chini ya sahani. Mwambie ale kabla havijapoa."

Kuku akainua mguu mmoja, akafikiri kidogo, akaushusha. Muhonja akageuka, akarudi jikoni, akaketi kwenye kigoda chake karibu na mlango, mahali ambapo mtu wa nje hamwoni lakini yeye anaona.

Chini ya gari miguu miwili ya mwanamume ikatulia. Kisha sauti ikatoka huko huko chini.

"Ingokho, mwambie mama asante. Nimesikia."

Mtu asiyejua angesema hawa wawili wamegombana, au wameingiwa na wazimu. Wala. Ndivyo ilivyo desturi ya watu wa huku: mama na mume wa binti yake hawaangaliani usoni. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawapandi gari moja. Mkwe akipita njia hii, mama anapita ile, na wakikutana ghafla mmoja wao anaingia hata kwenye miwa. Inaitwa tsisoni, haya yenye heshima ndani yake, na haina ubaya wowote maadamu katikati yao kuna mtu wa kubeba maneno.

Mtu huyo alikuwa Abigail. Alikuwa mtoto wa pekee wa Muhonja, na mke wa huyu Osiako aliyelala chini ya gari. Alipokuwa hai maneno yalitembea vizuri: Mama anauliza kama mmefika salama. Osiako anasema ile dawa ya mgongo usiache. Mama anasema hiyo shati uliyovaa ina tundu. Sasa Abigail amelala Khwisero, nyumbani kwa kina mumewe, huu mwaka wa pili. Hakuacha mtoto. Maneno yakabaki huku na kule bila miguu.

Ndipo akatafutwa kuku.

Majirani pale Shieywe bado walimwita Muhonja Mama Abigail, asubuhi na jioni, kuvuka ua, kuvuka barabara. Hawakujua kwamba kila wakiliita jina hilo watu wawili huitika, na mmoja hayupo.

Gari lenyewe lilikuwa Pijo, ile ya four-zero-four, nyeupe iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Ilikuwa ya marehemu mumewe, Ignatius, dereva wa lori la miwa. Ignatius alirudi nyumbani kila Jumapili, na baada ya ibada alivua koti akaingia chini ya Pijo yake kama mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa. Msaidizi wake alikuwa mkewe. Muhonja alisoma hadi darasa la nne tu, lakini angeweza kukaa ndani ya nyumba akasikia gari la jirani likipita na kusema, "Ile imemaliza viatu vya breki, wanakwaruza chuma kwa chuma." Kuendesha alifundishwa na Ignatius kwenye uwanja wa mpira, ng'ombe wakikimbia.

Breki za Pijo zilikuwa za zamani, dramu magurudumu yote manne. Ndani ya kile chungu cha chuma kuna viatu viwili vinavyotanuka na kusugua ukuta, hivyo tu. Zikiwa kavu, zinashika. Zikiingia maji, zinasahau kazi yao. Na mvua ya Kakamega haijui kukosa. Saa nane au saa tisa mchana lazima ije. "Kanyaga mara tatu," Ignatius alikuwa akimwambia. "Ya kwanza ni kubisha hodi. Ya pili ni kuomba. Ya tatu ndiyo anafungua." Muhonja akakanyaga mara tatu miaka thelathini na ushei, hata mguu wake ukawa hauwezi kukanyaga kitu mara moja.

Halafu Jumapili moja, Ignatius akiwa amekwisha kufa na Abigail akiwa kitandani, Muhonja alitoka kanisani mvua ikinyesha. Akateremka kile kilima cha kuelekea mtoni. Akabisha hodi, akaomba, akakanyaga ya tatu na ya nne na ya tano. Hakuna aliyefungua. Pijo ikaacha barabara, ikapitia ua wa jirani yake Adhiambo, ikasimama katikati ya sukuma wiki.

Hakuumia. Lakini tangu siku hiyo Adhiambo hakumwacha. "Mama Abigail, leo unaenda kanisani ama unakuja kuvuna?"

Habari zilifika kitandani kwa Abigail. Abigail hakucheka. Alimshika mumewe mkono akamwambia, "Usimwache mama na breki zile." Akafa mwezi uliofuata.

Osiako alikuwa fundi, mwenye gereji ndogo ya mabati huko Malava. Alikaa mwaka mzima na ahadi hiyo kifuani. Kisha akaanza kuuliza huku na huko, mpaka akaambiwa kwamba Lugari, kwa mkulima mmoja wa mahindi anayeitwa Kiplagat, kuna mzoga wa Pijo ya miaka ya baadaye, ile iliyotoka na breki za diski mbele. Akaenda akafungua miguu yote miwili ya mbele, na diski zake, na zile kalipa, mdomo wa chuma unaoibana diski pande zote mbili kama mtu anavyobana karatasi kwa vidole. Diski iko wazi, upepo unaipoza, maji yanateleza. Haibishi hodi. Akavileta vyote ndani ya gunia, juu ya pikipiki, akasimama uani, akatazama kushoto na kulia. Hapakuwa na mtu wa kumsalimia mama kwa niaba yake. Akamsalimia kuku.

Hiyo ilikuwa wiki ya kwanza. Leo ilikuwa ya nane.

Muhonja alijua kazi hiyo ni ya siku mbili. Ignatius angeimaliza Jumapili na nusu. Lakini huyu kijana, kijana wa miaka arobaini na moja mwenye mvi zake, alikuja Jumamosi akatoa magurudumu akaenda. Jumamosi nyingine akasugua kutu siku nzima, akasugua hata mahali pasipo na kutu. Kuna Jumamosi alileta paipu isiyoingia, na Jumamosi nyingine alikaa tu kando ya gurudumu, amelishika, anatazama miwa ya upande wa pili. Muhonja hakuuliza. Hata kwa kuku hakuuliza. Moyoni alikuwa na jibu lake, jibu tamu, na mtu mwenye jibu tamu haulizi. Alijiambia: naye anarudi kwenye nyumba tupu. Naye anaivuta hii kazi kama mimi ninavyoivuta.

Maana breki zile zilikuwa neno la mwisho la Abigail. Zikiisha, Osiako amemaliza. Atasafisha mikono, atapanda pikipiki yake, na hakutakuwa na sababu tena ya mtu yeyote kuingia katika ua ule na kula kiazi.

Ndiyo maana Jumamosi iliyopita, mkwe alipokwenda chooni, Muhonja alitoka haraka haraka akachukua spana namba nane, ile ya kufungulia vibolti vidogo vya kutolea hewa kwenye breki, akaizika ndani ya debe la unga wa mahindi. Mkwe alitafuta saa nzima. Akatafuta hadi chini ya kuku. Mwisho akasema, "Ingokho, mwambie mama nitarudi wiki ijayo," na Muhonja kule jikoni akafumba macho.

Lakini wiki nzima hakulala vizuri. Kila akichota unga wa obusuma, ugali wa huku, kijiko kinagonga chuma.

Basi Jumamosi hii, alipokwenda kuondoa kikombe juu ya jiwe na kuongeza chai, aliweka ile spana kando ya sahani. Alikuwa ameipangusa, lakini unga ulibaki kwenye herufi zake. Akarudi kigodani.

Osiako akatoka chini ya gari. Akaiona. Akaigeuza geuza, akaipuliza, unga ukaruka.

"Ingokho," akasema polepole, "naona siku hizi unataga spana."

Kule jikoni Muhonja alijiziba mdomo kwa leso. Alikuwa anacheka. Ilikuwa imepita muda mrefu, hata mbavu zilimuuma kama mtu aliyeanza kulima.

Sasa, kutoa hewa kwenye breki si kazi ya mtu mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mmoja anakaa ndani anakanyaga pedali na kuishikilia. Mwingine yuko chini kwenye gurudumu, anafungua kibolti, mafuta yanatoka na mapovu, anafunga, ndipo yule wa juu anaachilia. Ukikosea, hewa inaingia tena, na pedali inabaki laini kama mkate uliolowa. Osiako alitegemea kuja na Oduor, mwenzake wa gereji. Lakini ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi huku ni siku ya kuzika. Oduor alikwenda kuzika kwao. Adhiambo alikwenda kuzika. Hata vijana wanaokaa kwenye kivuli cha duka walikuwa matangani wakingoja chakula. Shieywe yote ilikuwa kimya.

Osiako akajaribu kwa ujanja. Alikata kipande cha mti, akakibana kati ya pedali na kiti, akakimbilia gurudumu la nyuma, akafungua kibolti. Mti ukateleza. Akaukata tena, akaufunga kitambaa. Ukateleza. Mara ya tatu mafuta yalimrukia usoni, na akakaa chini matopeni, mikono juu ya magoti, hakusema neno hata kwa kuku.

Muhonja alimtazama. Halafu akainuka, akafunga leso vizuri kichwani, akatoka.

"Ingokho," akaanza, "mwambie mkwe atoe huo mti—"

Akatazama huku na huku. Kuku alikuwa ameenda zake kwa Adhiambo, kula alichobakiziwa na Pijo mwaka ule.

Basi akasimama nyuma ya ukuta wa jikoni, akauambia ukuta. "Toa mti. Kuna mtu wa kukanyaga."

Akasikia mlango wa Pijo ukifunguliwa, mti ukitupwa, hatua zikienda mbali, mpaka gurudumu la nyuma upande wa kushoto, lile lililo mbali kabisa na dereva. Ndipo akatokeza. Alitembea akitazama chini, akaingia garini, akafunga mlango, akaweka macho kwenye kioo cha mbele na kuyaacha hapo.

"Mama," sauti ikasema kutoka kule nyuma. "Sitaweza. Nitakuambiaje 'kanyaga'? Mimi ni nani wa kukuamrisha?"

"Usiniambie mimi. Ambia pedali."

Osiako akakohoa. "Basi, pedali... naomba kama hutajali, tafadhali, ukubali kukanyagwa."

Muhonja alikuwa amekwisha kukanyaga na mguu umekwisha kupanda tena. Akasikia hewa ikifyonzwa.

"Mkwe," akasema, "ukimaliza hizo heshima zote, hewa itakuwa imerudi na wageni. Mzee alikuwa anasemanga maneno matatu tu. Kanyaga, shikilia, achilia. Na mimi namjibu. Sema kama fundi!"

Osiako akaishika spana upya. Kisha:

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia!"

"Nimeshikilia."

Pedali ikazama taratibu chini ya unyayo wake, mafuta yakichirizika ndani ya chupa kule nyuma.

"Achilia!"

"Nimeachilia."

Mara kumi, mara kumi na mbili. Muhonja aliketi wima, mikono kwenye usukani. Alikuwa anafikiri kwamba tangu Ignatius afe hakuna mtu aliyemwambia afanye kitu chochote. Hakuna anayemwambia lete, hakuna anayemwambia ngoja. Mtu anaweza kuzeeka hivyo, bila kuambiwa.

Osiako akahamia gurudumu la nyuma upande wa kulia. Dramu hizo za nyuma zilibaki zile zile, lakini nazo zilitaka kutolewa hewa.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Ile spana ilikuwa wapi?"

"Kwenye unga. Nimeshikilia."

"Ilifikaje huko?"

"Ilitembea."

Akamsikia akicheka puani. "Achilia, mama."

Akahamia mbele, upande wa kushoto, kwenye diski ya kwanza. Alikuwa anakaribia, gurudumu kwa gurudumu, na Muhonja hakugeuza shingo. Wakafanya mara tatu au nne. Mafuta yalitoka safi. Halafu fundi akanyamaza mahali ambapo fundi hanyamazi.

"Mama."

"Nipo."

"Kuna neno. Nimelibeba Jumamosi zote hizi."

Muhonja akajua kwa sauti tu.

"Kanyaga kwanza," Osiako akasema. "Shikilia. Kuna mwanamke huko Malava. Anaitwa Moraa. Anauza chakula karibu na gereji. Ni mtu mzuri. Nataka kumleta nyumbani." Pedali ilikuwa inazama. "Najua inatakiwa niwaletee habari nyinyi wazazi kwanza, kupitia kwa mtu. Baba hayuko. Wazee wangu wameisha. Nikasema nitume nani? Aliyekuwa akitumwa ndiye huyo tulimzika. Nikaapa nitakuambia mwenyewe siku nikimaliza breki. Halafu nikaogopa kumaliza."

Kwa hiyo ndiyo hiyo. Paipu isiyoingia, kutu isiyokuwapo, kukaa na kutazama miwa. Si kwamba alipenda kukaa. Alikuwa anatafuta mdomo. Na yeye Muhonja, na viazi vyake chini ya sahani, na spana yake katika unga, alikuwa anamfungia mtu mlango akidhani anamkaribisha. Kitu kilianguka ndani yake, hakikupiga kelele, kama kikombe kinachoanguka juu ya kitanda. Mguu ukabaki pale pale juu ya pedali.

"Mama, nimefunga. Achilia."

Hakusikia.

"Mama? Nimefunga zamani. Achilia."

Akaachilia.

Kwa dakika moja alitaka kushuka, aingie ndani na kufunga mlango. Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini Ignatius alimfundisha kwamba breki yenye hewa gurudumu moja si breki, ni mtego. Na bado lilikuwa limebaki moja.

"Zunguka huku," akasema. "Tumalize."

Gurudumu la mbele kulia ni lile lililo miguuni mwa dereva. Osiako alichutama pale, na kati yao kukawa na bati moja tu. Kwa pembe ya jicho Muhonja aliona kofia, na nywele nyeupe juu ya sikio. Hawakuwahi kuwa karibu hivi, hata siku ya harusi, hata kaburini. Akakaza macho kwenye kioo. Wingu la saa nane lilikuwa linapanda.

"Anapika nini?" akauliza.

"Nani?"

"Huyo wako. Umesema anauza chakula."

"Aa. Ndizi, hasa. Kwao ni Kisii. Na chapati."

"Obusuma anajua?"

Osiako akafikiri. Hakutaka kudanganya. "Inakuwanga laini kidogo."

"Utazoea. Marehemu mzee alikula yangu ya maji mwaka mzima, na hakufa."

Spana ilikuwa imesimama juu ya kibolti.

"Mama... unasema nini?"

"Nasema mlete nyumbani. Abigail hakupendanga mtu kula peke yake, wewe wajua. Hata kuku alikuwa anamtafutia mwenzake." Akaukaza mkono kwenye usukani. "Na sijasikia kanyaga. Mimi nimekaa hapa na mguu hewani."

"Kanyaga," Osiako akasema.

"Nimekanyaga."

Walipomaliza, pedali ilikuwa ngumu kama jiwe la kusagia. Osiako akaizungusha diski kwa mkono, ikazunguka bila kukwaruza. Akamwambia akanyage, ikasimama papo hapo. Muhonja akaona ajabu. Kitu kimetulia hivyo, hakilii, hakijivuti.

Sasa ilibidi gari lijaribiwe, na hawawezi kupanda pamoja. Osiako akatangulia kwa miguu hadi chini ya kilima, akasimama mbele ya sukuma wiki ya Adhiambo, upande wa pili wa mfereji, kama mlinda lango. Matone ya kwanza ya mvua yakaanza. Muhonja akaiteremsha Pijo. Kilima kikamvuta. Akainua mguu kwenda kubisha hodi.

Gari likasimama. Alikuwa amebisha tu. Kifua kikagonga usukani, leso ikamfunika macho, na mguu wake mzee, ambao hakuna aliyeuambia, ukakanyaga mara ya pili na ya tatu gari likiwa limesimama tayari. Kati ya Pijo na mfereji palikuwa na hatua kumi na tano. Muhonja alikaa pale akisikiliza mvua kwenye bati. Zilikuwa breki nzuri kuliko zote alizowahi kukanyaga, na alijikuta analia.

Adhiambo alikuwa anarudi kutoka matangani, viatu mkononi. "Mama Abigail!" akapiga kelele. "Leo mbona husalimii sukuma yangu?"

"Salamu nimetuma kwa kuku!" Muhonja akajibu, akijipangusa.

Uani, Osiako alikusanya vyombo vyake vyote. Vyote, Muhonja kutoka jikoni alihesabu kwa macho. Kuku alikuwa amerudi, amelowa. Osiako akainama.

"Ingokho, mwambie mama zile pedi zinazobana diski ni mpya, bolti nazo zimefunguliwa zote. Lazima nirudi kuzikaza na kuangalia paipu. Akifikisha kilomita mia tano, apige simu. Kabla ya hapo hakuna haja." Akavaa kofia ya pikipiki. Akaivua tena. "Mwambie asante ya leo sina mahali pa kuiweka."

Akaenda. Mlio wa pikipiki ulipotelea upande wa barabara kuu, kisha mvua ikaufunika.

Jumamosi iliyofuata Muhonja alipika chai vikombe viwili. Alikiona cha pili kilipokwisha jaa. Akakinywa nacho, akiwa amesimama.

Kisha akaenda garini, akanakili zile namba za kwenye dashibodi kwa penseli, nyuma ya kalenda ya kanisa. Akapiga hesabu za darasa la nne. Kanisani na kurudi ni kilomita nne. Kwa mwezi, kumi na sita. Mia tano... alifuta, akarudia, akafuta. Miaka miwili na zaidi. Akaitazama hiyo hesabu kama mtu anavyotazama barua ya hospitali.

Jumatatu akawasha Pijo. Alikwenda mjini, akazunguka soko, hakununua kitu, akarudi. Jumanne akaenda hadi Khwisero, akapita njia inayokwenda kwa kina Osiako. Hakuingia, kwa maana mama mkwe haingii pasipo kuitwa; alisimamisha gari kando, mahali panapoonekana migomba ya ule ua, akakaa hapo kidogo na mtoto wake, akarudi. Jumatano akashika barabara ya Malava, nyuma ya matrekta ya miwa, hadi kwenye ule msitu ambako nyani hukaa kando ya lami wakiwangoja watu. Pale akageuza, asije akaonekana gerejini.

Kando yake, juu ya kiti, aliweka boga. Mwanamke mzee anayeendesha gari tupu watu wanamwuliza anaenda wapi. Mwenye boga anampelekea mtu. Boga lile lilitembea. Lilifika msituni karibu na Malava mara sita, Khwisero mara tatu, likarudi kila mara Shieywe na vumbi lake. Na kila jioni Muhonja aliandika namba nyuma ya kalenda. Njiani alikanyaga breki mara moja tu. Mguu ulikuwa umejifunza. Jambo hilo nalo lilimhuzunisha kidogo, kama vile amesahau wimbo wa Ignatius.

Siku ya kumi na tisa namba zikatimia. Zilizidi kwa mbili. Muhonja akaosha mikono, akaketi kigodani, akapiga simu.

"Haloo, gereji," ikasema sauti ya mwanamke. Sauti changa, yenye mafuta ya kukaangia yakichemka nyuma yake.

Muhonja akaiondoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. Kisha akasema, "Mimi ni mama Abigail."

Mafuta yakazimwa. "Shikamoo, mama. Mimi ni Moraa." Akaongeza haraka, "Yuko chini ya gari. Ngoja nimpelekee simu."

"Hapana, hapana, usimpe!" Muhonja karibu ainuke. "Sisi hatuongei hivyo, mwanangu. Mwambie wewe. Mwambie zile kilomita mia tano zimefika."

Akasikia hatua, na sauti ya Moraa ikiinama: Mama anasema mia tano zimefika. Akasikia spana ikianguka. Akasikia, mbali, sauti ya mwanamume ikisema kitu kirefu. Hatua zikarudi.

"Mama, anasema atakuja Jumamosi. Anauliza kama naweza kuja naye, nikubebee ndizi." Akacheka kwa haya. "Na anauliza, mia tano umezimaliza vipi kwa wiki nne?"

Muhonja akamtazama kuku mwekundu, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa mguu mmoja, akingoja kutumwa. Akamfukuza kwa mkono, kwa upole.

"Mwambie ni kanisa," akasema. "Mwambie siku hizi limekuwa mbali."